Habari za Wachukuzi wa Machela, 1914–1918

Vita vya 1914 mpaka 1918 katika Afrika ya Mashariki husimuliwa zaidi kwa habari za majemadari. Hapa twawakumbuka waliomwinua majeruhi mahali alipoanguka wakamfikisha kwa waganga.

Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi. Tena mvua za mwaka 1917 ziligeuza bonde la Rufiji kuwa ziwa, na motakaa zikakwama matopeni. Basi majeruhi hakuwa na chombo ila mabega ya watu. Machela moja ilitaka watu wanne, na safari ikiwa ndefu zaidi ya hao, ili wapokezane. Kwanza alipelekwa kwenye hema la waganga karibu na mapigano, damu ikazuiwa na kidonda kikafungwa. Kisha kambi hata kambi, mpaka penye motakaa au reli. Aliyeumia upande wa kusini aliteremshwa pwani, Kilwa au Lindi, akapakiwa merikebuni kwenda Dar es Salaam. Katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, jeshi la Waingereza lilipata hasara ya watu zaidi ya 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa, kwa siku nne tu. Hesabu mwenyewe mabega yaliyohitajiwa!

Kutoka Uganda walikuja vijana waliosoma shule za misheni, wakafundishwa kufunga vidonda na kuuguza, chini ya Daktari Keane. Kazi yao ilisifiwa, na kwa haki.

Lakini wachukuzi wenyewe, ambao mkubwa wao alikuwa Bwana Oscar Watkins, walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Wengi hawakuuzoea unga wa mahindi, na mara nyingi waliula haujaiva, kwa kuwa safarini hapakuwa na nafasi ya kuupika sawasawa. Aliyebeba mgonjwa leo, kesho alibebwa yeye, kama alibahatika kupata wa kumbeba.

Waliokufa, kwa hesabu iliyoandikwa, ni zaidi ya 40,000. Mimi niliye karani nasita mbele ya hesabu hiyo. Kila mchukuzi alivikwa kibati chenye namba, lakini majina mengi yaliandikwa vibaya, na wengine walifia njiani pasipo mwandishi. Kwa sababu hiyo mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia wajane wala watoto wao. Madai yalipelekwa Nairobi na London miaka mingi, na fedha zikabaki mikononi mwa serikali. Jina la kikosi chao lipo mpaka leo katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam.