Grisi iliyookoa meli: kutia mafuta katika mashine za moshi za Ziwa Tanganyika

Katika kijitabu hiki wenzetu wanaandika juu ya ngoma, mahari na majina ya koo. Sisi tumechagua kuandika juu ya mafuta ya mashine. Najua kuna watakaocheka: hiyo nayo ni mila? Tunajibu ndiyo. Mila ni jambo ambalo mkubwa anamwonyesha mdogo kwa mkono, siku kwa siku, mpaka mdogo analifanya bila kuambiwa. Kutia mafuta kwenye mashine kulifundishwa hivyo hivyo katika meli za ziwa letu, na leo desturi hiyo inatupotea.

Tuanze na mafuta yenyewe. Kabla ya chuma chochote chenye moshi kuonekana hapa, watu wa mwambao huu walijua mafuta. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa 4 mwaka 1858, wakitafuta Ruzizi inaelekea wapi, mawese yalikuwa tayari bidhaa ya soko kule Ujiji. Mawese ni ya chungu, ya ngozi na ya taa. Kila mama wa Uvira, wa Baraka au wa Rumonge anajua kwamba kitu kilichopakwa mawese kinateleza, na kwamba maji hayakishiki upesi. Hiyo ndiyo elimu yote ya grisi kwa kifupi.

Ajabu ni kwamba wakati ule ule mawese ya Afrika yalikuwa yanafanya kazi Ulaya. Meli ziliyabeba toka pwani ya magharibi ya Afrika mpaka Uingereza, na huko, pamoja na sabuni, walitengeneza nayo grisi ya magurudumu ya treni: mawese, mafuta ya wanyama, magadi na maji, vikachemshwa pamoja. Basi, kabla treni haijatufikia sisi, mafuta ya ngazi yalikwisha kuipanda.

Sasa tuone ginsi mashine ya moshi inavyokula mafuta. Maji yanachemshwa katika tanuru, mvuke unaingia kwenye silinda na kusukuma pistoni. Pistoni inasukuma mkono wa chuma, mkono unazungusha mhimili, na mhimili unazungusha panga la meli au gurudumu la treni. Kila fasi ambapo chuma kinasugua chuma, joto linazaliwa. Mafuta yanakaa katikati kama utando mwembamba, vyuma viwili visigusane. Utando ukikatika, chuma kinapata moto. Mhimili ulikuwa unalala ndani ya kikombe kilichopakwa madini laini yenye bati. Joto likizidi, madini hayo yanayeyuka, na meli inasimama katikati ya ziwa.

Kwa hiyo palikuwa na vikopo vya mafuta juu ya kila kiungo. Ndani ya kikopo waliweka utambi wa sufu, sawa na utambi wa taa, ili mafuta yapande kidogo kidogo na kudondoka tone kwa tone. Silinda ilikuwa shida zaidi, kwa sababu ndani yake kuna mvuke wenye nguvu unaotaka kurudisha mafuta nje. Hapo walitumia chombo cha akili sana: mvuke kidogo unaingia ndani ya chombo, unapoa na kuwa maji, maji ni mazito, yanakaa chini, mafuta ni mepesi, yanapanda juu na kusukumwa ndani ya bomba la mvuke. Mashine inajilisha yenyewe.

Aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1872 kwa chombo cha kutia mafuta bila kusimamisha mashine alikuwa mtu mweusi, Elijah McCoy. Wazazi wake walitoroka utumwa wa Kentucky wakakimbilia Kanada. Alisomea ufundi wa mashine kule Scotland, lakini aliporudi Marekani, kampuni ya reli ilimpa kazi ya kuchochea moto na kutia mafuta tu. Katika kazi hiyo ya chini ndimo alimopata wazo lake. Wanafunzi wetu wanaodharau kazi ya mikono wamkumbuke huyo.

Mtu atauliza: kama mawese ni mazuri hivyo, juu ya nini hayakuendelea? Jibu liko ndani ya silinda. Mafuta ya mimea na ya wanyama yakipigwa na mvuke wa moto yanavunjika na kutoa asidi, na asidi inakula chuma. Mafuta yanayotoka katika petroli hayafanyi hivyo. Basi meli zilipoanza kukata mawimbi ya Tanganyika, viwanda vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kuhamia mafuta ya petroli, ingawa kwa silinda mara nyingi waliendelea kuyachanganya na mafuta kidogo ya wanyama, kwa sababu hayo yanashika vizuri chuma chenye unyevu. Hata hivyo katika meli hawakuyamimina hovyo, maana mvuke uliotumika unarudishwa kuwa maji na kuingia tena katika tanuru. Mafuta yakifuatana nao yanaganda juu ya chuma cha tanuru na kukiunguza. Kidogo mno ni hatari, na kingi mno ni hatari vile vile. Fundi ni yule anayejua kiasi.

Mfano mkubwa tunao katika ziwa letu wenyewe. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli Graf von Götzen katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg. Waliifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku yapatayo 5 000, wakaisafirisha mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini mwezi wa 2 mwaka 1915. Urefu wake ni karibu mita 71. Vita ilikuwa imekwisha kuanza. Mwezi wa 8 mwaka 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji huko Lukuga. Ikafika Desemba 1915 na Februari 1916, mambo yakageuka: Waingereza waliikamata Kingani kwa mashua zao ndogo Mimi na Toutou, kisha wakaizamisha Hedwig.

Mwezi wa 7 mwaka 1916 Wajerumani waliona kwamba Kigoma itaanguka, wakaamua kuizamisha Götzen wenyewe. Lakini mafundi waliotoka nayo Papenburg, akiwemo Anton Rüter, walifanya jambo la watu wanaopenda kazi yao. Walizipaka mashine zake grisi nene, kila fasi, kisha meli ikajazwa mchanga na kuzamishwa tarehe 26 Julai 1916. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakafungua chumba cha mashine, na wakakuta vyuma vingali vizima. Hesabu mwenyewe: karibu miaka minane tangu ilipopakwa grisi! Ni kweli kwamba maji ya ziwa letu hayana chumvi kama bahari, na hilo lilisaidia. Lakini maji matamu nayo yanaleta kutu. Iliyoyazuia ni grisi. Mwezi wa 5 mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa, na mashine zake za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. Mwaka 1997 Liemba hiyo hiyo ilibeba maelfu ya wakimbizi wetu kuwarudisha Kongo. Wako wasomaji wa kijitabu hiki ambao walipanda meli iliyookolewa na grisi.

Upande wetu, reli ya CFL ilifika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, na katika miaka ya 1930 Uvira nayo ilikuwa na treni yake, iliyopita bonde la Ruzizi mpaka Kamaniola, kabla haijafungwa karibu na uhuru. Katika treni na meli hizo palikuwa na mtu mmoja aliyeitwa kwa Kifaransa « graisseur », mtia mafuta. Katika meli yeye alishuka chini kwenye joto, kitambaa begani na kopo lenye mdomo mrefu mkononi. Mkono wa chuma ulipozunguka, aliufuata kwa kiganja chake bila kusimamisha mashine, apate kujua kama kiungo kina joto. Akichelewa kidogo tu, kiganja kingeondoka. Vitabu vinamtaja kapiteni na vinamtaja Rüter. Mtu wa kitambaa havimtaji. Lakini bila yeye kapiteni asingefika popote.

Turudi kwetu. Mwaka mmoja, katika mtaa tunamokaa, mashine ya kusaga mihogo ilikwama. Mwenyewe alisema Wachina wameuza chuma kibaya. Fundi alipofungua, rulma ilikuwa kavu kabisa, nyeusi kama makaa. Grisi ya bei ya soda moja ingeiokoa. Kina mama walibeba mihogo yao mpaka mtaa mwingine muda wa wiki tatu, na mtoto aliyekuwa anaendesha mashine alifukuzwa kazi, ingawa hakuna aliyemwonyesha hata siku moja wapi pa kupaka. Hapo ndipo tuliona kwamba kilichokatika ni mila: mkubwa hakumwonyesha mdogo.

Tunaona hivyo hivyo kwa injini za mitumbwi ya wavuvi, kwa pampu za maji, kwa pikipiki. Tunapokea kitu kipya kwa furaha, tunakitumia mpaka kinakufa, kisha tunangojea kingine. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi tunaomba mambo mawili. La kwanza, walimu wenzetu wa Uvira na Fizi wawatume wanafunzi kwa wazee wachache waliobaki ambao walifanya kazi katika meli na bandari ya Kalundu, waandike maneno yao ya kazi kabla hawajaondoka nayo. La pili ni kwa kila mwenye mashine: kabla ya kumlaumu aliyeitengeneza, uguse rulma yake kwa kiganja, kama alivyofanya mtia mafuta. Ikiwa ya moto, umekwisha kuambiwa.