Kumkojoza Mtoto, Kusini mwa Kivuko

Ukishuka feri Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, umeingia upande wa Wadigo, ambao makazi yao yanafuata pwani hadi ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walieleza malezi ya Wadigo wa Kenya katika jarida la Marekani, Pediatrics.

Mama alianza kumkojoza mtoto akiwa na wiki mbili au tatu tu. Alikaa chini nje ya nyumba, miguu kainyoosha, mtoto kati ya mapaja amempa mgongo, huku akimtolea sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa, alinyonyeshwa au kubembelezwa. Kwa haja kubwa mama alikunja magoti, akamkalisha juu ya nyayo zake, wakitazamana. Mtoto alipofika miezi mitano au sita, kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Kule Marekani mambo yalikwenda polepole. Daktari T. Berry Brazelton, mwaka 1962, aliripoti watoto 1,170 waliomaliza mafunzo ya mchana kwa wastani wa miezi 28 na ushei, wasichana wakiwatangulia wavulana kwa takriban miezi miwili na nusu.

Pwani, tofauti ya jinsia imo katika fikihi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi huku, mkojo wa mvulana asiyetimiza miaka miwili na anayeishi kwa maziwa pekee hunyunyiziwa maji tu. Wa msichana sharti uoshwe. Mama wa binti, basi, alifua leso zaidi kabla ya sala. Mvulana akishaanza uji, nafuu hiyo humwondoka.