Kipimo nacho hupimwa: somo la maabara ya uhandisi na mizani ya kijijini

Mkulima wa Ngara anapima gunia la kahawa nyumbani, mizani inasoma kilo 52. Akifika kituo cha kununulia, gunia lile lile linasoma kilo 50. Lawama huanza papo hapo. Mkulima anasema ameibiwa, mnunuzi anasema mizani ya nyumbani ni mbovu. Huenda mmoja wao ana haki, na huenda mizani zote mbili ni mbovu. Kujua ipi inasema kweli ni somo kamili chuo kikuu, na ndilo tunaloeleza leo.

Somo lenyewe ni la vipimo katika uhandisi mitambo, na sehemu yake kubwa hufanyika maabara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Siku hizi ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, maarufu kama CoET. Uhandisi mitambo hauwezi kufundishwa bila vipimo, iwe Dar es Salaam au kwingineko duniani. Mwanafunzi hupima unene wa chuma kwa maikrometa inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya milimita (karatasi ya kawaida ya daftari ni kama sehemu kumi za aina hiyo). Hupima joto, mgandamizo wa hewa, kasi ya maji bombani na nguvu inayovuta chuma. Lakini kusoma namba ndiyo kazi ndogo. Kubwa ni kuandika pembeni ya namba hiyo: inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani?

Makosa ya kipimo yako ya aina mbili, na tofauti yake inafaa kueleweka vizuri. Fikiria mtoto anayelenga embe kwa manati. Mawe yakitawanyika, moja juu, moja chini, moja kushoto, mkono wake hautulii. Hilo ni kosa la kubahatisha, na dawa yake ni kurudia kipimo mara kadhaa na kuchukua wastani. Mtoto wa pili mawe yake yote yanapita sehemu moja, shubiri moja kushoto kwa embe. Mkono umetulia, ila manati imepinda. Huyu hata akirudia mara mia, embe halianguki. Kosa la namna hii ndilo la hatari kwenye biashara, kwa sababu mizani inayosoma 50, 50, 50 inaonekana ya kuaminika. Ikiwa inapunguza kilo 1 katika kila 50, mkulima mwenye kilo 600 amepoteza kilo 12, na hakuna namba iliyoyumba kumshtua.

Kosa hilo hugunduliwa kwa njia moja tu: kulinganisha kipimo na kingine kinachojulikana kuwa sahihi zaidi. Kazi hiyo huitwa ugezi. Jiwe la mizani hulinganishwa na jiwe bora zaidi, nalo na lingine bora zaidi, hadi kufikia vipimo vya juu vya nchi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya kazi hiyo Dar es Salaam. Juu kabisa, tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris, Ufaransa. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kiliachwa, na kilo sasa hupatikana kwa hesabu ya kanuni ya fizikia isiyobadilika. Gunia lako halikuongezeka wala kupungua siku hiyo.

Mazingira nayo huingilia. Katika zoezi moja la kawaida, mwanafunzi hujaribu kipimajoto kwenye barafu inayoyeyuka, ambayo ni nyuzijoto 0, kisha kwenye maji yanayochemka, ambayo vitabu vinasema ni 100. Hiyo 100 ni ya Tanga au Dar es Salaam, usawa wa bahari. Katika vilima vya Ngara vinavyozidi mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa kuwa hewa huku ni nyepesi zaidi. Mwanafunzi anayefanyia jaribio lake Ngara bila kujua hilo atatupa kipimajoto kizima akidhani kimeharibika. (Na ndiyo maana maharage huku hukawia jikoni.) Mwinuko huo huo hupunguza kidogo mvuto wa dunia, lakini kwa gunia la kilo 100 tofauti haifiki hata gramu 100. Asikudanganye mtu kwamba kilo 2 zimepotea kwa sababu ya mlima.

Mfano mkubwa wa somo hili uko barabarani. Magari ya mizigo yanayopita Biharamulo kwenda Rusumo hupimwa kwenye mizani ya Nyakahura. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Hutaona jiwe wala spring kwenye mizani za kisasa za aina hiyo. Chini ya jukwaa kuna vipande vya chuma ambavyo gari likipanda hubonyea kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Juu ya chuma hicho umegandishwa waya mwembamba sana; chuma kikibonyea, waya nao hubadilika, umeme unaopita humo hubadilika kidogo, na kompyuta hugeuza badiliko hilo kuwa tani. Maabara za vyuo hufundisha jambo hilo hilo kwa kipande cha chuma juu ya meza na mawe machache ya kuning'iniza.

Nyumbani unaweza kufanya sehemu ya jaribio hilo bila maabara. Kwanza, mizani ikiwa tupu iko sifuri? Kisha weka kitu ambacho uzito wake unajulikana. Katoni ya chupa 12 za maji za lita moja na nusu, ambazo hazijafunguliwa, ina maji ya kilo 18, na plastiki yake huongeza gramu mia kadhaa tu. Mfuko mpya wa saruji ni kilo 50. Pima mara tatu, ukiutoa na kuurudisha. Kama ni mizani ya jukwaa, weka mzigo katikati, kisha kwenye kila kona. Namba zikicheza, mizani haijatulia. Zikikubaliana zote lakini zikapungua kwa kiasi kile kile, mizani ni ya yule mtoto wa pili.

Jaribio hilo halithibitishi wizi, kwani hata kiwanda cha saruji kinaweza kupunja. Linakupa sababu ya kuita wenye mamlaka. Hao ni Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, wenye jukumu la kuhakiki mizani za biashara kila mwaka na kuzibandika stika. Ni wao pia wanaosimamia kanuni inayokataza lumbesa, yaani gunia la mazao kuzidi kilo 100. Kabla ya kwenda ofisini kwao, angalia stika ya mizani unayoilalamikia na uandike tarehe yake, aina ya mizani, ulichopima, na namba zote tatu ulizozipata, hata kama hazifanani.