Sahani za Wafalme

Hapa kwetu Kasha, kama pande zote za Bukavu, nani asiyejua nyungu? Mfinyanzi huchimba udongo bondeni, huukanda, huufinyanga kwa mikono, huukausha, kisha huuchoma kwa majani na kuni. Nyungu hiyo hupika maharagwe vizuri, lakini maji huipenya polepole. Leo twataka kueleza habari za ndugu yake tajiri, yaani sahani ya kaure, ambayo wafalme waliitafuta kwa mali nyingi.

Kaure nayo ni udongo, lakini udongo mweupe sana uitwao kaolini, uliochanganywa na mawe yaliyosagwa. Moto wa majani hautoshi. Tanuru lazima lifike karibu digrii 1,300 au zaidi. Hapo udongo huwa kama kioo: mgumu, laini, usiopenya maji. Ukiigonga sahani hiyo, hulia kama kengele. Ukiiinua mbele ya taa, mwanga hupita ndani yake. Waswahili huiita pia kauri, jina lile lile la simbi wa baharini. Nao Waitalia waliiita porcellana, jina la simbi kwa lugha yao, na Wafaransa wakafuata kusema porcelaine.

Waliovumbua kaure ni Wachina. Vyombo vyao vilipita bahari, mkono kwa mkono wa wafanyabiashara, hata vikafika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji ule kwa uzuri wake. Katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba la sultani wa Kilwa, vimeonekana vigae vya kaure ya Uchina. Huko Gedi, karibu na Malindi, Bwana James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, akakuta mabakuli na sahani za rangi ya kijani, na nyingine nyeupe zenye michoro ya buluu.

Watu wa pwani hawakuzitumia kwa chakula tu. Walizipanga katika zidaka za nyumba zao, wakazipachika katika mihirabu ya misikiti na juu ya makaburi ya wakubwa. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi ya zamani yangali yanaonyesha mashimo ya mabakuli, maana mengi yamekwisha kung'olewa.

Basi tutazame jambo hili: wakati sultani wa Kilwa alipokuwa na kaure jumbani mwake, hapakuwa na mtu hata mmoja katika Ulaya yote aliyejua kuitengeneza. Wafalme wa Ufaransa walikula katika sahani za fedha na dhahabu. Lakini vita hula fedha kuliko watu. Mwaka 1689, na tena mwaka 1709, Louis XIV aliamuru vyombo vya fedha viyeyushwe ili kulipa gharama za vita. Wakubwa wakabaki kutafuta sahani za udongo.

Siri ya Wachina ilifumbuliwa kwanza katika nchi ya Saksonia, Ujerumani. Mtawala wake alimfungia fundi Böttger asitoroke na maarifa yake, na mwaka 1710 kiwanda cha Meissen kikaanzishwa. Wafaransa walianza kazi huko Vincennes mwaka 1740, wakahamia Sèvres mwaka 1756. Mwaka 1759 Louis XV alikinunua kiwanda chote kiwe mali yake. Lakini mafundi walikosa kaolini; walitumia mchanganyiko mwingine, mzuri kwa macho, ila vyombo vingi viliharibika motoni.

Wakati huo wote udongo uliotafutwa ulikuwa katika nchi yao wenyewe. Yasemekana kwamba huko Saint-Yrieix, karibu na Limoges, mke wa daktari Darnet aliona udongo mweupe, akadhani utafaa kufulia nguo. Mumewe akashuku, akaupeleka kwa wenye ujuzi. Mwaka 1768 ikajulikana: ni kaolini safi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Sahani ilichomwa, ikapakwa rangi, ikachomwa tena. Ikachorwa maua au ndege, ikarudi motoni. Ikatiwa dhahabu, ikarudi tena. Kila safari ya tanuru ilikuwa hatari ya kupasuka. Ndiyo sababu bei ilitisha. Mwaka 1776 Catherine II wa Urusi aliagiza vyombo vya watu 60, jumla karibu vipande 800. Alilipishwa zaidi ya livre 300,000, naye kibarua wa Paris alipata livre moja hivi kwa siku!

Mwaka 1783 Louis XVI aliagiza vyombo vyake mwenyewe. Vilikuwa vya thamani mno hata mafundi wakapanga kazi ya miaka 20. Miaka 10 haikutimia. Wananchi wenye njaa walikuwa wamechoka, mapinduzi yakatokea, na tarehe 21 Januari 1793 mfalme akakatwa kichwa. Sahani zilizokwisha kutengenezwa zilinunuliwa mwaka 1811 na mtawala wa Uingereza, George, nazo zingaliko huko Windsor. Kiwanda cha Sèvres kingali kikifanya kazi, lakini sasa ni mali ya taifa.

Na Gedi? Wenyeji wake waliuhama mji katika karne ya 17, msitu ukafunika nyumba na msikiti. Vigae vikabaki. Kwa kuwa Wachina walibadili rangi na michoro yao zama kwa zama, wataalamu hutazama kigae wakakisia umri wa nyumba kilimookotwa. Mwaka 2024 Gedi imeandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu, kama Kilwa ilivyoandikwa mwaka 1981.

Sisi wa milimani hatuna majumba ya mawe ya masultani. Lakini tuna vigae vya nyungu za mababu, ambavyo jembe huvifukua shambani, nasi huvitupa kando ya njia. Mtoto akikileta kimoja nyumbani, tusimkemee. Tumwulize amekiokota wapi, na mzee aliye karibu aulizwe ni nani waliofinyanga mahali pale zamani. Mzee huyo hatakuwapo siku zote.