Ami wa Sultani Aliyetoka London

Ukitoka Mji Mkongwe kwa njia ya Bububu, ukaiacha bahari na kupandisha kupitia Kidichi, unafika Kizimbani. Leo watu wanapajua kwa utafiti wa kilimo, chuo cha kilimo na mashamba ya viungo ambamo wageni hutembezwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu wa Oman, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda karafuu Unguja, na shamba lake lilikuwa hapa. Mtawala, Sayyid Said bin Sultan, akamnyang'anya mali zake, akalifanya Kizimbani shamba la ukoo wa kifalme na kujenga hamamu ambayo kuta zake bado zipo.

Anayetaka kuujua ufalme wa Zanzibar na aanzie mahali kama hapa. Ulikuwa ufalme wa mikarafuu, wa watumwa waliochuma, wa karafuu zilizoanikwa juani, kupimwa kwa frasila na kupakiwa majahazini. Ulikuwa na madeni, kesi, ndoa za kisiasa na ugomvi wa ndugu. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alijulikana kwa jina la baba na babu.

Mwanzoni mwa Machi 1905, Zanzibar nyingine kabisa ilishonwa katika duka la mavazi ya maigizo jijini London. Mwenye duka aliitwa Willy Clarkson, fundi aliyewavisha na kuwapamba waigizaji mashuhuri wa Uingereza. Wateja wake siku hiyo walikuwa kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kiongozi wao alikuwa Horace de Vere Cole, kijana tajiri mwenye asili ya Ireland aliyezaliwa mwaka 1881. Pamoja naye alikuwa Adrian Stephen, ndugu wa binti ambaye baadaye dunia ingemjua kama mwandishi Virginia Woolf. Clarkson aliwapaka rangi nyeusi usoni, akawafunga vilemba na kuwavika majoho.

Mpango wa kwanza ulikuwa mmoja wao ajifanye Sultani wa Zanzibar mwenyewe. Lakini picha ya Sultani ilikuwa imetoka magazetini, na mtu angeweza kulinganisha nyuso. Wakaamua kwamba Cole awe ami yake Sultani, kwa kuwa sura ya ami hakuna aliyeijua. Majina nayo waliyaokota popote. Mojawapo la msafara huo lilikuwa Mukasa Ali. Mukasa ni jina la Waganda, na hakuna mtoto wa Unguja ambaye angelikubali kuwa ni la mtu wa ukoo wa kifalme wa Al Busaid.

Kabla ya safari walipeleka telegramu kwa Meya wa Cambridge, Algernon Campkin, kumwarifu kwamba mgeni wa kifalme wa Zanzibar anafika kwa treni jioni hiyo, na kwamba ingefaa aandaliwe gari na kuonyeshwa majengo ya mji. Kila kitu kikaenda kama walivyotaka. Ofisa wa mji aliwapokea stesheni, Meya akawakaribisha katika ukumbi wa mji, wakapelekwa kwenye bazari ya hisani na kutembezwa vyuoni. Waliwapita watu waliowafahamu, na hakuna aliyewatambua. Usiku ulipoingia na wakati wa kurudi London ukafika, waliwatoroka wenyeji wao, wakavua majoho na kurudi vyumbani mwao kama wanafunzi wa kawaida. Siku iliyofuata Cole aliipeleka habari kwenye gazeti la Daily Mail, na nchi nzima ikamcheka Meya.

Campkin alikasirika na kutaka wafukuzwe chuoni, lakini makamu mkuu wa chuo kikuu akamshawishi kwamba adhabu ingezidi kumwanika. Kwa miaka mingi kisa hicho kimesimuliwa hivyo, kama ushindi wa vijana werevu dhidi ya meya mjinga. Sikubaliani na masimulizi hayo. Campkin hakuwa mjinga. Alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa, mtu wa kupima na kusoma maandishi kwa makini. Swali la haki ni hili: ni nini kilichomfanya mtu wa namna hiyo, na mji mzima wa wasomi pamoja naye, aamini?

Kwanza, jambo lenyewe lilikuwa linawezekana. Sayyid Barghash bin Said aliitembelea Uingereza mwaka 1875 pamoja na msafara wake, akapokewa na Malkia Victoria, na mkalimani wake alikuwa Mwingereza, Dokta George Percy Badger. Ndiyo picha waliyoiiga akina Cole: mfalme mwenye joho, wafuasi wachache, na Mwingereza anayetafsiri. Uongo uliovaa nguo za jambo lililowahi kutokea hupita mlangoni bila kusimamishwa.

Pili, kulikuwa na telegramu. Mwaka 1905 telegramu ilikuwa sauti ya serikali, ya mabenki na ya misiba. Ilifika na mjumbe, ilikuwa fupi, na ilidai jibu upesi. Campkin hakupewa siku ya kuuliza. Zaidi ya hapo, aliwekwa mahali ambapo kuuliza kungekuwa utovu wa adabu. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Kumshuku ami wa mtawala rafiki mbele za watu kungeleta aibu kubwa kama angekuwa wa kweli, ilhali kumkaribisha asiye wa kweli kulionekana hasara ndogo. Meya alipima kama ambavyo wengi wetu tungepima, akachagua adabu.

Tatu, alikuwepo mkalimani, na hapa ndipo ufundi wote wa hadaa hii ulipo. Katika bazari alitokea bibi mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya umisionari Zanzibar. Alifurahi kusikia kwamba mkubwa wa huko amekuja, akaomba azungumze naye kwa lugha yake. Katika umati ule, huyo ndiye aliyeweza kuumaliza mchezo kwa salamu moja tu. Cole na wenzake hawakuwa na neno la kumjibu. Mkalimani akamwambia kwamba hawezi kukutanishwa na mheshimiwa isipokuwa akubali kuingia katika harimu yake. Bibi wa watu akanyamaza.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Mimi nakiona ni moyo wa jambo lote. Elimu ilikuwepo ukumbini. Ilikuja yenyewe, ikaomba nafasi, ikafukuzwa kwa kejeli ya harimu, na waliosikia wakaona jibu hilo ni la kawaida kwa sababu ndivyo walivyozoea kuambiwa juu ya watu wa Mashariki.

Tena Cambridge haikuwa mji usio na uhusiano na Zanzibar. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia hapo, na wito wake ukazaa Misheni ya Vyuo Vikuu ya Afrika ya Kati, ambayo baadaye iliweka makao yake Unguja. Ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, na askofu wake Edward Steere aliandika kitabu cha kufundisha Kiswahili cha Unguja. Kumbukumbu za maisha ya Sayyida Salme, binti Sayyid Said, zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, kisha kwa Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1905, Robert Lyne, aliyeongoza idara ya kilimo ya Zanzibar, alichapisha London kitabu kizima juu ya visiwa hivi. Na maduka ya dawa ya Uingereza, kama lile la Campkin, yalikuwa yakiuza mafuta ya karafuu kwa maumivu ya jino, katika dunia ambayo sehemu kubwa ya karafuu zake ilitoka Unguja na Pemba.

Habari zilikuwepo, basi. Lakini hazikukutana na sura ya mtu. Zanzibar ya bidhaa ilijulikana, Zanzibar ya misheni ilijulikana, ila Mzanzibari mwenyewe alibaki kilemba na joho. Linganisha na ukweli wenyewe. Sultani wa mwaka ule alikuwa Ali bin Hamud, kijana wa umri wa akina Cole, aliyesoma Harrow, mojawapo ya shule kubwa za Uingereza. Alikalia kiti alichorithi kwa baba yake, Hamud bin Muhammad, ambaye Waingereza walimtawaza baada ya manowari zao kuipiga kasri ya Unguja kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Sultani wa kweli angezungumza na Meya kwa Kiingereza bila mkalimani. Mtu wa Cambridge aliyemwona akizungumza hivyo pengine ndiye angemshuku zaidi, kwa kuwa hakufanana na mfalme waliyekwisha kujichorea kichwani.

Mchezo haukuishia hapo. Tarehe 7 Februari 1910, Cole na Adrian Stephen waliurudia kwa ukubwa zaidi. Safari hii walijifanya msafara wa kifalme wa Uhabeshi, na pamoja nao alikuwemo dada yake Adrian, Virginia, aliyebandikwa ndevu. Kwa telegramu ya kughushi iliyotajwa kuwa ya Wizara ya Mambo ya Nje, walipokewa kwa heshima zote katika Dreadnought, manowari iliyokuwa fahari ya jeshi la majini la Uingereza, iliyotia nanga Weymouth. Ndani ya meli hiyo alikuwemo ofisa aliyekuwa binamu wa Adrian na Virginia, na hata yeye hakuwatambua.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika siku hiyo. Adrian, aliyekuwa mkalimani, alisimulia baadaye kwamba alijiandaa kwa kitabu cha sarufi ya Kiswahili alichokisoma njiani. Maneno yalipomwishia, alichanganya mistari ya Kilatini na Kigiriki aliyosomeshwa shuleni, akaitamka ovyo. Bendi ya manowari nayo haikupata wimbo wa taifa wa Uhabeshi, ikapiga wa Zanzibar. Maofisa walisimama kwa heshima huku wimbo wa nchi moja ukipigiwa watu waliojidai wa nchi nyingine, kwa maneno ya lugha ya tatu, na hakuna aliyeona kasoro. Uhabeshi, iliyolishinda jeshi la Italia pale Adwa mwaka 1896, na Zanzibar, kisiwa cha karafuu, kwao zilikuwa kitu kimoja.

Watu wa leo husema hayo ni ya zama za telegramu. Michezo inatuonyesha vinginevyo. Novemba 1996, klabu ya Southampton ya Uingereza ilimpa mkataba mfupi Ali Dia kutoka Senegal baada ya mtu kumpigia simu kocha Graeme Souness akijitambulisha kuwa George Weah, mchezaji bora wa dunia wa mwaka 1995. Mpigaji alimsifu Dia kama binamu yake. Mechi ya majaribio haikuchezwa kwa sababu ya uwanja kujaa maji. Tarehe 23 Novemba, dhidi ya Leeds, Matthew Le Tissier akaumia, na Dia akaingizwa dakika ya 32. Uwezo wake mdogo ukaonekana na kila mtu, akatolewa kabla ya mechi kwisha. Weah hakuwa amepiga simu yoyote.

Septemba 2010 ikawa zamu ya timu nzima. Bahrain ilicheza mechi ya kirafiki na timu iliyovaa jezi za Togo, ikashinda 3-0. Kocha wa Bahrain, Josef Hickersberger, alilalamika kwamba wageni hawakuwa na pumzi ya kumaliza dakika 90. Shirikisho la Togo likatangaza kwamba halikupeleka timu Bahrain, na wale waliocheza haliwajui.

Mambo yaleyale yamerudi. Jambo linawezekana, kwani wachezaji wa Afrika Magharibi wanasajiliwa na timu za taifa husafiri mara kwa mara. Ujumbe umekuja kwa jina kubwa. Muda ni mfupi, na mwenyeji hataki kumvunjia mgeni heshima. Juu ya yote, walioalika hawamjui mgeni kwa sura. Hakuna ambaye angeleta Uwanja wa Amaan watu kumi na mmoja wasiojulikana akasema hawa ni klabu ya Malindi, kwa sababu jukwaani wamekaa ndugu, majirani na mashabiki wanaomjua kila mchezaji tangu akicheza mpira wa chandimu. Uongo huhitaji umbali. Palipo na watu wanaojuana, haupati pa kusimama.

Kwa hiyo dawa yake haiko katika kuwashuku wageni. Meya wa Cambridge alifanya vizuri kuwapa gari na kuwakaribisha, na ukarimu hauna lawama. Kosa lilikuwa kumwachia mkalimani wa mgeni aamue nani azungumze na nani asizungumze. Laiti Campkin angemshika mkono yule bibi na kumpeleka mbele, salamu ya Kiswahili ingefanya kazi ambayo maofisa wote wa mji hawakuiweza. Southampton nao wangeweza kumpigia Weah wenyewe, na Bahrain kuwauliza Watogo kabla ya mpira kuanza.

Kisa cha 1905 kimehifadhiwa Uingereza kama mzaha wa wanafunzi, lakini aliyechezewa ni pamoja na nchi ambayo watu wake hawakuwepo kujisemea. Vijana wale walijipaka weusi, wakatumia jina la Zanzibar kama vazi la kukodi, na kila aliyecheka alizidi kuamini kwamba Zanzibar ni jambo la maigizo. Nasi tunayo haki ya kukisimulia kwa upande wetu, na kukisomesha Unguja pamoja na historia ya karafuu na ya mizinga ya 1896. Mwanafunzi wa hapa akikisoma, atajifunza jambo litakalomfaa atakapoletewa habari za watu wa mbali asiowajua: kabla ya kuamini, na kabla ya kucheka, atafute mmoja wao amuulize.