Kidudu cha Semuliki na roboti isiyo na betri

Bandugu, huku kwetu Vuhovi kila mtu analia shamba dogo. Kilima chote kimelimwa, na bado watoto wanagawana mistari. Ukiuliza wazee, wengi wanakutajia bonde la Semuliki. Wakati wa Wabelgiji malale, yaani ugonjwa wa usingizi, iliua watu kule, na serikali ya koloni ikaamuru watu watoke bondeni wapande milimani. Halafu sehemu kubwa ya ardhi ile ikaingizwa katika Parc Albert, iliyoanzishwa 1925, ambayo leo ni Virunga. Ugonjwa ulipungua, ardhi haikurudi.

Aliyewahamisha wazee ni kidudu, tripanosoma, na kinabebwa na mbung'o. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kule Uganda kwamba ni mbung'o ndiye anaeneza. Wakati huo Busoga ilikuwa inazika watu kwa maelfu. Jina brucei limetoka kwake.

Sasa njo mahali nilishangaa. Mwaka 2016, Uswisi, Selman Sakar, Bradley Nelson na wenzao walitengeneza roboti laini, ndogo sana, wakiiga kidudu kile kile. (Wengine waliandika kwamba ni bakteria. Si bakteria.) Tripanosoma ina mkia wa kujisukuma ndani ya damu, tena ikiwa ndani ya mbung'o ina umbo moja, ndani ya mtu inachukua lingine. Roboti nayo ni jeli yenye chembe za sumaku. Haina mota, haina betri, haina waya. Unazungusha uga wa sumaku kutoka nje, nayo inajizungusha na kwenda mbele kama skrubu kwenye mbao. Ukiipasha joto, inajikunja na mwendo unabadilika.

Kwa nini izunguke, isipige kasia? Kwa kitu kidogo vile, maji ni mazito kama asali. Ukipeleka kasia mbele na kulirudisha kwa njia ileile, unabaki palepale. Edward Purcell alieleza hayo tangu miaka ya 1970.

Lengo ni kupeleka dawa mahali penyewe mwilini, na bado ni kazi ya maabara. Wagonjwa wa malale wa Kongo wao wako na vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa hapa hapa kwetu.

Mimi ni mtu wa kilimo, narudi kwenye udongo. Kama uko na koko aliyezaliwa Semuliki, au aliyesikia kwa baba yake, muulize majina ya vijiji vya kule na walichopanda. Andika kwenye daftari wiki hii.