Kusoma Maandiko kwa Ujirani: Kutoka Old Moshi hadi Mabogini

Anayepanga mafunzo ya Biblia ya pamoja Mabogini, kwenye tambarare ya mpunga kusini mwa mji wa Moshi, hukutana na maswali ambayo kitabu chenyewe hakiyajibu: nani akae na nani, isomwe lugha gani, tukutane kwa nani na saa ngapi. Wengi huyaona kuwa mambo ya ratiba tu, ya kumwachia katibu. Lakini ukifuatilia historia ya Ukristo wa Kilimanjaro utaona kwamba hapo ndipo penye uzito. Kati ya mipango iliyojaribiwa mlimani, uliofaulu kushuka mpaka tambarare ni ule uliojengwa juu ya ujirani, si juu ya damu wala lahaja.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika mwaka 1893, baada ya Waanglikana wa CMS kuondoka Moshi. Mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliingia nchini mwaka 1902 na kutumika Old Moshi, mlimani, kwa miaka mingi hadi alipoondoka moja kwa moja mwaka 1938. Gutmann alishika jambo moja: Mchaga hasimami peke yake, amefungwa na ukoo, jirani na rika. Kwa hiyo hakuwakusanya waumini kama watu waliookotwa mmoja mmoja. Vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo vya kusaidiana, kwa mfano wa rika la zamani, na usharika akaupanga kwa koo na majirani. Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kimochi, lahaja ya Kichaga ya Old Moshi, lilichapishwa mwaka 1939. Hapo ndipo mpaka wa mpango wake ulipoonekana: kitabu kilichomgusa mtu wa Old Moshi kwa lugha ya mama yake kilikuwa kigeni masikioni mwa mtu wa Rombo, na kwa Mpare hakikusema kitu.

Wapo wanaosema kwamba hayo yote yalikuwa ndoto ya Mjerumani aliyekimbia viwanda vya kwao akatafuta kijiji kisicho na doa. Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa wakati yeye akiusifu ukoo, Wachaga wenyewe walikuwa wakitafuta shule na fedha za kahawa. Hata hivyo, pingamizi hilo halielezi yaliyotokea mwaka 1920, Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Leipzig. Walimu na wazee Wachaga walibaki na sharika, wakafundisha na kuongoza ibada mpaka wamisionari waliporudi katikati ya muongo huo. Mpango uliomo kichwani mwa mgeni mmoja haudumu akiondoka. Uliodumu ni ule uliokuwa tayari mikononi mwa watu waliozoea kugawana maji ya mfongo, mfereji wa jadi wa Wachaga, kwa zamu na kuuzibua pamoja unapoziba.

Kilichopungua nguvu ni ukoo. Vihamba, mashamba ya ukoo mlimani, vilipogawanywa mpaka visigawanyike tena, wengi walitafuta ardhi chini, na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliwavuta watu kwenye majaruba ya mpunga. Mchaga wa Kibosho na Mpare wa Same wakipakana jaruba, hawana babu mmoja wala lahaja moja, ila wana mfereji mmoja. Kwao kitabu cha kusoma pamoja ni Biblia ya Kiswahili, ile ya Union iliyokamilika mwaka 1952. Mtu atasema ujirani huu wa kanisa ulitoka juu, kwa sababu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, na kabla yao chama cha TANU kilishapanga nyumba kumi kumi. Ni kweli uamuzi huo uliipa jumuiya jina na cheo. Ila amri hupokewa haraka pale inapokuta desturi inayofanana nayo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jirani akisoma na jirani, mzee husema na wengine huitikia, na hayo si mafunzo. Hatari hiyo ipo, na dawa yake imo katika desturi ileile: maji ya mfereji hayakai kwa mtu mmoja. Msomaji abadilike kila wiki, nyumba ibadilike, na kijana aulize kabla mzee hajafafanua. Anayepanga mafunzo Mabogini aanze na wanaoshiriki mfereji mmoja, asome Kiswahili, na saa aipange baada ya kujua zamu ya maji ya wiki hiyo, kwa maana mkulima ambaye maji yake yanaingia shambani saa hiyo hatakuja, na si kwa kukosa imani.